Sekunde Themanini na Nane

Mke wa kocha mpya alikuja kuulizia mapazia siku ya Jumanne saa nne asubuhi, na kocha wa zamani alikuwa bado anaishi humo ndani. Alibisha hodi kwa adabu zote, akavua viatu mlangoni, akasema samahani mara tatu kabla hajaketi. Hakuja kwa ubaya. Ofisi ya chuo ilimwambia kwamba nyumba itakuwa wazi mwisho wa mwezi, na kwamba humo yumo fundi cherehani hodari anayewashonea wafanyakazi wote. Hakuna aliyemwambia kuwa fundi huyo ndiye mke wa kocha anayeondoka. Ofisi zina tabia hiyo. Zinakupa nusu ya habari, nusu nyingine unajigonga nayo mwenyewe.

"Nilikuwa nataka mapazia ya madirisha manne, dada," alisema, akitoa kitambaa cha kijani kwenye mfuko. "Wanakusifia sana. Labda tungeyapima pamoja, kama nafasi unayo?"

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Hakuna haja ya kupima. Vipimo vya madirisha haya ninavyo kichwani. Nimeyashonea miaka kumi na moja."

Mgeni akayatazama mapazia yaliyoning'inia, kisha akamtazama fundi, kisha akaiona ukutani picha ya vijana waliovaa fulana za chuo wakiwa wamembeba mabegani mwanamume mfupi mwenye kofia. Akaelewa. Mikono yake ikaanza kukirudisha kitambaa mfukoni.

"Jamani, dada. Mimi sikujua. Naapa sikujua."

"Hukujua. Kiache hapo. Kazi ni kazi."

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mama yake kocha, bibi mwenye mdomo ambao umri haukuupunguzia hata neno moja. Aliendelea kukunja nguo, akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Dunia imekuwa na haraka. Marehemu bado anapumua, sanda inapimwa."

Yule mwanamke alivaa viatu vyake huku vikipishana mguu wa kulia na wa kushoto, akaondoka bila kuvirekebisha. Fundi alikitandaza kitambaa mapajani. Kilikuwa kizuri, na jambo hilo lilimkera zaidi.

Kisa chenyewe kilianza na karatasi. Chuo kilipata agizo kwamba kila anayefundisha chochote awe na cheti cha anachofundisha. Mume wa fundi, ambaye wanafunzi walimwita Mzee Saa kwa sababu stopwochi haikumtoka shingoni hata akienda msalani, hakuwa na cheti. Alikuwa na magoti mawili yaliyochakaa, madaftari kumi na tisa ya muda wa kila mzunguko wa kila mwanafunzi, na wasichana watano na wavulana wanne waliotoka mikononi mwake wakaenda kukimbia mashindano ya taifa. Mkuu wa chuo alimwita ofisini akamwambia, "Mchango wako tunauthamini sana," maneno ambayo mtu hupewa pale asipopewa kitu kingine.

"Kwani na kukimbia kunataka cheti?" bibi aliuliza siku hiyo. "Wewe ulikimbia kabla hujajua kusoma. Tena ulikuwa unanikimbia mimi."

Mzee Saa hakucheka. Nyumba ilikuwa ya chuo. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka nayo, na mahali pekee walipoahidiwa ni vyumba viwili nyuma ya gereji ya kaka wa fundi, ambako cherehani ingebidi ikae ukumbini pamoja na kitanda cha bibi.

Wanariadha ndio waliokataa. Walikwenda ishirini na watatu hadi mlango wa mkuu wa chuo, wakasimama juani saa mbili nzima bila kukaa chini, wakiongozwa na nahodha wa wasichana, binti mrefu mwembamba waliyempa jina la Sindano. Katibu alitoka akawaambia wapeleke barua. Wakasema barua wamekuja nayo, ni hii miguu. Mwishowe mkuu alitoka mwenyewe, akifuta miwani.

"Nyinyi mnataka nini hasa?"

"Tunamtaka kocha wetu," Sindano alisema.

"Kocha mpya ana shahada mbili."

"Shikamoo shahada," alisema kijana mmoja kutoka nyuma. Huyu aliitwa Bwana Harusi kwa jinsi alivyozoea kuanza mbio polepole kama anayesindikizwa na ngoma. Wenzake wakaangua kicheko.

Mkuu hakupenda kuchekwa. Hata hivyo alikuwa mtu wa kupenda kuonekana wa haki, hasa palipo na mashahidi, kwa hiyo akatoa hukumu papo hapo. Kocha mpya apewe wiki tatu. Mwisho wa wiki hizo wakimbie mita elfu tano mbele ya bodi. Wakiwa bora kuliko walivyokuwa, mzee anaondoka na mkuu hataki kusikia neno. Wakiwa wamedorora, mkataba wa mzee unaongezwa mwaka mmoja. Na kwa wiki hizo tatu, mzee asikanyage uwanjani.

Vijana walishangilia wakambeba Bwana Harusi juu juu. Mkuu alirudi ndani akiwa ameridhika, bila kufikiria hata kidogo kuwa amewapa watu ishirini na watatu sababu nzuri ya kukimbia vibaya.

*

Nyuma ya nyumba palikuwa na ukuta wa matofali, na ng'ambo ya ukuta ndipo uwanja ulipoanza. Mzee Saa aliifuata amri ya mkuu neno kwa neno. Hakukanyaga uwanjani. Alipindua ndoo ya kufulia, akapanda juu yake, akachungulia.

Fundi alimwona kutoka dirisha la jikoni: mwanamume wa miaka hamsini na nane amesimama juu ya ndoo katika ua wake mwenyewe, akijificha kama mwizi wa kuku. Moyo ulimuuma, na hasira ikaja juu ya maumivu. "Shuka, kocha," alimwita. "Majirani wanakuona."

"Nyamaza, fundi. Wanaanza."

Ilikuwa siku ya majaribio ya wiki ya tatu. Kocha mpya, kijana nadhifu mwenye filimbi na ubao wa kuandikia, aliwapanga wasichana kwenye mstari wa chokaa. Mzunguko wa kwanza Mzee Saa alibonyeza stopwochi, akaitazama, akakunja uso. Sindano, ambaye kawaida yake ilikuwa sekunde themanini kila mzunguko, alikuwa ametumia themanini na nane. Labda anaumwa, mzee alifikiri. Mzunguko wa pili, themanini na nane. Wa tatu, themanini na nane. Wa nne, themanini na saba, halafu akaonekana kabisa akijizuia, na wa tano ukarudi themanini na nane.

Mzee alishuka kwenye ndoo kabla mbio hazijaisha. Alikaa juu yake, stopwochi mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe ofisini alijisikia kutukanwa kweli.

"Vipi?" fundi aliuliza kutoka dirishani. "Wamechoka?"

"Hawajachoka," alisema. "Wananipenda."

Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa. Fundi alirudi kwenye cherehani yake haraka kuliko ilivyohitajika, lakini mumewe hakuliona hilo. Macho yake yalikuwa bado kwenye stopwochi.

*

Kesho yake jioni, jua likiwa bado halijazama, kocha mpya alikuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai, akabembelezwa, akakubali, kisha akasahau kuinywa. Alitoa karatasi akaiweka mezani.

"Shikamoo tena, mzee. Nimekuja kukuuliza kitu cha kazi. Mtu aliyedorora hukimbia hivi?"

Mzee Saa alivaa miwani ingawa hakuhitaji kusoma. Namba alizijua. Themanini na nane, zimepangwa kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Za wavulana nazo zilikuwa vivyo hivyo, sabini na saba kila mzunguko, na Bwana Harusi, ambaye maishani mwake hakuwahi kuanza kwa kasi sawa na wenzake, siku hiyo alianza sawa.

Hapo ndipo walipokosea watoto hao. Mtu aliyeishiwa pumzi huanza vizuri akaporomoka, au huvuta, akalegea, akavuta tena. Hakuna mchovu anayechoka kwa kipimo. Lakini Mzee Saa alikuwa amewafundisha miaka mitatu kugawa mbio zao sawasawa hadi ikawaingia kwenye mifupa, na hata walipotaka kuharibu, waliharibu kwa ustadi aliowapa mwenyewe.

"Hapana," mzee alisema. Angeweza kusema ndiyo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, amekaza macho, akimwomba kwa uso mzima aseme ndiyo. "Hapana, mwanangu. Hawa wanafanya makusudi."

Kocha mpya alishusha pumzi. "Nilijua. Sijampelekea mkuu. Lakini Ijumaa bodi itakuwepo, na mmoja wao alikuwa mkimbiaji zamani. Wakirudia hivi, ataona. Na wewe unajua ada za hawa vijana analipa nani. Mwanafunzi aliyepata nafasi kwa ajili ya mbio, akishindwa kwa makusudi, anarudishwa kwao. Imeandikwa. Watasema pia wewe ndiye uliyewachochea."

"Na wewe unataka nini?"

Kijana alikitazama kikombe. "Mimi naitaka kazi, mzee. Nina mke na mtoto wa miezi minne. Ila sitaki kuipata kwa kumfukuzisha yule binti."

"Angalau huyu anajua kusema ukweli," bibi alisema kutoka pembeni. "Shahada ya tatu hiyo."

Kijana alipoondoka, bibi aliondoa kikombe cha chai iliyopoa. Kitambaa cha kijani kilikuwa mezani, bado hakijakatwa.

*

Mzee alimwita Sindano nyumbani Alhamisi mchana. Msichana alikuja na fulana yake ya mbio, akaketi chini kwenye mkeka karibu na cherehani, mahali alipozoea kukaa fundi akimshonea namba mgongoni.

"Kesho utakimbia," mzee alimwambia.

"Nitakimbia, kocha."

"Sindano. Utakimbia."

Msichana aliinamisha kichwa. Kisha akainua macho, si kwa mzee, bali kwa fundi, kama mtoto anayemtafuta aliyemtuma. Mzee aliuona mtazamo huo. Miaka kumi na moja ya kutazama nyuso za watu wanaokaribia kukata tamaa haikuwa imepotea bure.

"Kumbe," alisema polepole. "Kumbe ni wewe, fundi."

"Ni mimi." Fundi hakujaribu kukana. "Mtoto alikuja hapa analia, anauliza wafanye nini. Nikamwambia wapunguze. Kidogo tu, kama mtu anavyopunguza kiuno cha gauni. Mkuu mwenyewe ndiye aliyetoa sharti. Kosa langu liko wapi?"

"Unawafundisha watoto wangu kukimbia vibaya?"

"Nakulindia nyumba!" Sauti yake ilipasuka. "Kuna mtu amekuja kupima madirisha yangu, kocha. Madirisha yangu! Nimemshonea mkuu suti, nimemshonea mkewe magauni ya sherehe tatu, na ofisini hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwambia yule mwanamke nani anaishi humu. Wewe unapanda ndoo. Unapanda ndoo ukitazama kazi yako juu ya ukuta. Halafu watoto wanajitolea kukuokoa, unawakatalia. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Mzee akamgeukia Sindano.

"Muda ukishaandikwa haufutiki. Miaka kumi ijayo mtu atafungua kitabu cha chuo atafute jina lako. Atakuta dakika kumi na nane na sekunde ishirini. Hatakuta kwamba ulikuwa unanipenda. Hakuna nafasi ya kuandika hilo."

"Tulikubaliana wote, kocha," Sindano alisema, machozi yakimtoka. "Hata wavulana. Wakitufukuza, watufukuze wote. Wewe ulisema mtu hamwachi mwenzake kwenye kilima."

"Nilisema kwenye mazoezi!" Alipiga meza, chai ikamwagika. "Kwenye mazoezi, si kwenye maisha yenu! Baba yako alinikabidhi mtu anayesoma. Nimrudishie nini, fulana?"

Msichana alilia kwa sauti. Bibi akampa kitambaa cha kufutia, kile cha vyombo, maana ndicho kilichokuwa karibu.

"Kama mnaniheshimu," mzee alisema, sasa sauti ikiwa imeshuka, "kesho nisikie nyayo zenu. Nitakuwa nyuma ya ukuta. Nikisikia themanini na nane, sitakuwa kocha wa mtu yeyote tena, hata mkuu akinipa mkataba wa miaka mia."

Sindano aliondoka bila kuaga. Jioni ile fundi alimwekea mumewe chakula mezani, akaketi kula jikoni akiwa amempa mgongo.

*

Ijumaa bodi iliketi chini ya turubai, maji ya chupa mbele yao. Mzee alipanda ndoo yake. Ndani, fundi alikata kitambaa cha kijani.

Alikuwa amepania. Usiku kucha aliipanga hasira yake, na asubuhi ikawa imekaa mkao wa kazi: mapazia yote manne atayafupisha shubiri moja. Si kubwa. Kiasi tu cha yule mwanamke kuyatundika, akaona mwanga unaingia chini, akajua kila asubuhi kwamba kuna mtu alitolewa humu. Alichukua chaki, akachora mstari pale pafupi, mnyoofu. Huko nje filimbi ililia.

Mkasi ulifika kwenye mstari. Aliusikia uwanja mzima ukiguna, halafu sauti ya nyayo ikipita nyuma ya ukuta, ikaenda, ikarudi, ikapita tena. Hata yeye asiyejua mbio aliisikia tofauti. Walikuwa wanakimbia kweli. Sindano alikuwa anakimbia kama anayefukuza mtu, na fundi alijua kila zinaporudi nyayo hizo, sanduku moja linafungwa ndani ya nyumba hii.

"Kata, fundi," alijiambia. "Kata!"

Uani mumewe alikuwa amesahau kujificha. "Tulia!" alikuwa anapiga kelele kuvuka ukuta, mishipa imemtoka shingoni. "Umewahi mno! Tulia, binti, bado mizunguko tisa! Mabega! Shusha mabega!" Wajumbe wawili wa bodi waligeuka kutafuta sauti inatoka wapi, wakaona kofia juu ya ukuta. Mkuu wa chuo naye aliiona, akajifanya anasoma ratiba.

Kelele zilipanda, zikapanda tena, kisha zikafunguka kwa vigelegele. Halafu kipaza sauti kikakoroma na sauti ya mkuu ikaja hadi jikoni. Dakika kumi na sita na sekunde ishirini na moja, rekodi mpya ya chuo! Haya ndiyo matunda ya utaalamu! Wiki tatu tu, waheshimiwa, wiki tatu tu mnaona mabadiliko! Kocha mpya alisikika akisema, "Samahani, mkuu, ningependa kusema kwamba mzee..." lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshaondolewa mdomoni mwake, na makofi yakammalizia sentensi.

Mzee Saa aliingia ndani akiwa ameshika ndoo. Alikuwa analia na kutabasamu, na vyote viwili vilimwia vigumu usoni.

"Ishirini na moja," alisema. "Kumi na sita, ishirini na moja, fundi."

"Na sisi?"

"Sisi tumetoka."

Sindano alifika mlangoni kabla ya jasho kukauka, nyuma yake Bwana Harusi na wengine, kimya kama watu waliokuja msibani. Msichana akauliza swali pekee alilozoea kuuliza baada ya mbio.

"Mzunguko wa tatu, kocha?"

"Sabini na sita. Uliwahi."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira ni ya mzunguko wa kumi na mbili. Ukiitumia wa tatu, mwishoni utakimbia na nini?" Kisha akajifanya anatafuta mahali pa kuweka ndoo.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," bibi alisema, na alilisema kwa ukali, kama anayemkemea mtu. Halafu akaongeza, "Lakini koleo limevunjika. Nani anabeba kitanda changu?"

Vijana walicheka kidogo, kwa aibu, wakaingia na kuanza kubeba. Waliichukua meza kwanza, kisha madaftari kumi na tisa, ambayo Bwana Harusi hakukubali mtu mwingine ayashike.

Hadi jua linainama fundi alikuwa bado kwenye cherehani. Mumewe alimwendea, akaliona pazia la mwisho mapajani mwake na mstari wa chaki uliokatiza kitambaa, shubiri moja juu ya pindo. Hakuwa amekata hapo. Alikuwa amekata pale panapostahili, yote manne, na pindo zilikuwa nyoofu kama alizomshonea mkewe mkuu.

"Nilitaka kuyafupisha," alisema bila kumtazama. Alikuwa anausugua mstari wa chaki kwa kidole gumba, kwa nguvu, machozi yakidondokea kitambaa. "Mara nne nilitaka. Mkono umekataa. Wewe hunisikii, na mkono wangu nao haunisikii. Niishi na nani mimi?"

Mzee alichukua kiti, akayashusha mapazia ya zamani, akayakunja vizuri ayaweke sandukuni. Kisha, kwa kuwa mteja hupokea kazi iliyojaribiwa, fundi alifuta uso, akapanda juu ya ndoo ile ile, akalitundika moja la kijani kwenye dirisha la sebule.

Wote walisimama wakalitazama, hata waliobeba kitanda. Lilishuka hadi chini ya kizingiti cha dirisha, likasimama hapo hapo, halikupungua wala kuzidi.

"Limekaa," bibi alisema. "Ungedhani ni letu."